Kutoka Chuo Hadi Chuo Kikuu katika Viunga vya Dar es Salaam

Neno chuo ni la zamani kuliko majengo yote yaitwayo hivyo katika Dar es Salaam. Katika Kiswahili cha kale cha mwambao maana yake ilikuwa kitabu. Kisha likawa jina la mahali pasomwapo kitabu, na hasa mahali watoto walipofundishwa Kurani. Mtoto alitiwa chuoni, akasoma hata akahitimu. Na aliyezidi kuiandama elimu akaitwa mwanachuoni, hata ndevu zake zikiwa zimekwisha kuwa nyeupe. Katika utaratibu huo hapakuwa na chuo kidogo wala chuo kikuu. Aliyemaliza kwa mwalimu mmoja alikwenda kwa mwingine ajuaye zaidi, na wengi walisafiri kwa jahazi kwa ajili hiyo. Darasa za Msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa na Habib Saleh huko Lamu, ziliwavuta wanafunzi wa pwani nzima. Alichokwisha kusoma mtu kilikuwa chake. Akiwa na ijaza ya sheikh wake, hakulazimishwa kurudia alifu na bee kwa sababu tu amebadili mwalimu.

Yafaa kukumbuka jambo hilo kabla ya kuitazama historia ya vyuo vya zama zetu, kwa kuwa swali lililowasumbua wanafunzi wa Chang'ombe, Mgulani, Kivukoni na Kinondoni kwa muda wa miaka sitini na zaidi ni lile lile: mtu aliyesoma miaka miwili au mitatu katika chuo cha kawaida, akafaulu, akataka kuingia chuo kikuu, miaka yake ile yahesabiwaje?

Wakati wa utawala wa Kiingereza Tanganyika haikuwa na chuo kikuu chochote. Aliyetaka elimu ya juu alikwenda Makerere, ambako palifunguliwa shule ya ufundi mwaka 1922, na ambako shahada hazikutolewa mpaka baada ya mwaka 1949, Makerere ilipofanya uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London. Julius Nyerere ni mfano unaojulikana na wote, ingawa si wengi wanaoutazama kwa upande huu. Alisoma Makerere tangu mwaka 1943 hadi 1945, akapata stashahada ya ualimu; akafundisha Tabora katika shule ya St Mary's; mwaka 1949 akaenda Edinburgh, akatoka na shahada yake mwaka 1952, baada ya miaka 3, sawa na ile waliyoisoma wengine waliofuata shahada hiyo. Mwaka 1953 alikuwa mwalimu Pugu, nje ya mji wa Dar es Salaam. Hivyo mtu wa kwanza kuongoza nchi, ambaye pia alikuwa mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alipanda ngazi yenyewe kwa njia ya kuanza upya.

Chuo Kikuu cha kwanza katika nchi kilifunguliwa mwezi wa Oktoba mwaka 1961, katika nyumba ya TANU, barabara ya Lumumba, kwa somo la sheria peke yake na wanafunzi wasiozidi kumi na wanne. Mwaka 1964 kilihamia Mlimani, upande wa Ubungo, mahali ambapo kwa muda mrefu palihesabiwa kuwa ndani ya Wilaya ya Kinondoni kabla Ubungo haijapewa wilaya yake. Lakini mlima ule haukuwa mtupu. Mwaka 1956 ilianzishwa huko Mgulani, Temeke, shule ndogo ya kufundisha mafundi wa kupima ardhi. Mwaka 1958 ikahamishiwa Mlimani, ikatangulia kukaa pale ambapo chuo kikuu kilikuja kukaa baadaye. Basi majirani hao wawili, shule ya vyeti na chuo cha shahada, walikaa kwa miaka zaidi ya thelathini wakitazamana. Mwanafunzi wa huku aliweza kuuona mlango wa kule kwa macho yake. Kuuingia ilikuwa habari nyingine.

Mwaka 1961 huo huo TANU ilianzisha Chuo cha Kivukoni, ng'ambo ya bandari, katika upande uliokuwa Wilaya ya Temeke kabla Kigamboni haijatengwa. Chuo hiki kilifuata mfano wa Ruskin College ya Oxford, ambayo Joan Wicken, aliyeshughulika sana kukusanya fedha za Kivukoni, aliisoma mwenyewe. Tofauti moja yastahili kutajwa. Ruskin ilikuwa chuo cha wafanyakazi waliokosa masomo ya shule, na baadhi yao waliitumia stashahada yake kuingia chuo kikuu. Kivukoni ilichukua umbo la Ruskin, yaani watu wazima kuishi pamoja na kusoma uchumi na siasa, lakini haikuichukua njia ile ya kutokea. Wanafunzi wake walitakiwa kurudi walikotoka, katika chama, ushirika na serikali za mitaa. Mtu aweza kusema kwamba ndivyo nchi ilivyohitaji, na huo ni ukweli. Hata hivyo katika miaka ile ndipo desturi ilipoota mizizi kwamba chuo ni mwisho wa safari.

Chang'ombe nako, katika Temeke, palijengwa chuo cha ualimu katika miaka ya 1960. Kilikuwa chuo cha stashahada, na kilitoa walimu wa sekondari. Kwa wafundi palikuwa na Chuo cha Ufundi kilichoanza mwaka 1957 mjini, kwenye makutano ya barabara ya Morogoro na ile iitwayo sasa Bibi Titi Mohamed. Hicho kilitoa cheti kilichojulikana kwa herufi zake tatu, FTC. Kitivo cha Uhandisi kilipofunguliwa Mlimani mwaka 1973, wenye FTC nzuri waliweza kukubaliwa humo. Walianza mwaka wa kwanza pamoja na vijana waliotoka kidato cha sita, ambao wengi wao hawajapata kushika hata tupa mkononi.

Hapa ndipo penye fundo la habari yote. Cheti cha chuo kilihesabiwa kuwa ni badala ya kidato cha sita. Hakikuhesabiwa kuwa ni sehemu ya masomo ya chuo kikuu. Huko Marekani, tangu chuo cha miaka miwili cha Joliet kilipofunguliwa mwaka 1901, ulijengwa polepole utaratibu mwingine: mwanafunzi asoma miaka miwili karibu na kwao, kisha ahamia chuo kikuu na kuanza mwaka wa tatu. Mpango wa California wa mwaka 1960 uliuweka utaratibu huo katika msingi wa elimu ya juu ya jimbo zima. Si kwamba mambo huko ni laini. Wengi hupoteza sehemu ya masomo yao njiani. Lakini neno la mahali pale ni kuhama, na anayehama huchukua mizigo yake.

Kiswahili cha Tanzania chalijua vizuri neno hilo. Kutokana na -hama na -hamisha limepatikana uhamisho, neno la ofisi ambalo kila mtumishi wa serikali amelisikia kwa furaha au kwa hofu: mwalimu apata uhamisho kutoka Temeke kwenda Tunduru, na mshahara wake humfuata. Mwanafunzi wa chuo aingiaye chuo kikuu hasemwi kuwa amepata uhamisho. Yasemwa kwamba anajiendeleza. Neno hili lataka kutazamwa kipande kwa kipande: -enda, -endelea, -endeleza, na mwisho -jiendeleza. Mtenda na mtendwa ni mtu mmoja. Chuo alichotoka hakimo katika kitenzi hicho, wala chuo anachokwenda, wala serikali. Ikiwa lugha ni shahidi wa mambo ya watu, ushahidi wake hapa ni mzito: mzigo wote umewekwa juu ya kiambishi kimoja kidogo, ji.

Maneno ya vyeti yenyewe ni ya mzizi mmoja. Shahada ni ushahidi, na Mwislamu huitamka kwa maana iliyo kubwa zaidi. Astashahada na stashahada zimeundwa kwa umbo la kitenzi cha Kiarabu cha mzizi huo huo. Mpangilio wake, cheti, stashahada, shahada, wampa msikilizaji picha ya ngazi moja yenye vipandio vinavyofuatana. Kwa kweli zilikuwa ngazi mbili zilizosimama kando kando, na mtu alitakiwa kushuka ya kwanza ndipo apande ya pili.

Mara moja tu mambo yaligeuka. Mwezi wa Novemba mwaka 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, katika mkutano wake wa Musoma, iliamua kwamba kijana asiingie chuo kikuu moja kwa moja kutoka shuleni. Kwanza afanye kazi, kisha aletwe na mwajiri na chama. Kwa miaka kadhaa mwalimu aliyetoka Chang'ombe na fundi aliyetoka chuo cha ufundi walikuwa mbele ya mtoto wa kidato cha sita. Wengi wa kizazi hicho waliingia Mlimani wakiwa na wake na waume, na watoto wa kusomesha. Azimio lilikuwa na hasara zake pia: wanawake walipungua mpaka wakasamehewa sharti hilo baada ya muda si mrefu, na nafasi za sayansi zilikosa watu. Katikati ya miaka ya 1980 kuingia moja kwa moja kulikuwa kumekwisha kurudi. Lakini hata katika siku zake za nguvu, Azimio la Musoma lilibadili nani aingie, halikubadili aanzie wapi.

Kwa walimu wa shule za msingi palikuwa na kizuizi kingine, nacho chawahusu wataalamu wa lugha kuliko vingine vyote. Vyuo vya ualimu vya Daraja la A vilifundisha kwa Kiswahili. Kadhalika wale vijana waliomaliza darasa la saba na kufunzwa ualimu kazini, ili kutimiza lengo la elimu ya msingi kwa wote la mwaka 1977, walifunzwa kwa Kiswahili. Mwalimu wa namna hiyo, akiisha kupanda daraja baada ya daraja mpaka kufika mlangoni pa chuo kikuu, alikuta lugha ya nyumba imebadilika: mihadhara, vitabu na mitihani, vyote kwa Kiingereza. Alikuwa akifundisha hesabu kwa Kiswahili kwa miaka kumi, na sasa alipimwa kama mtu asiyejua hesabu. Idara ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 1970 na kufundisha kwa Kiswahili, ilikuwa mlango wa pekee usiokuwa na kizingiti hicho. Kazi ya kuunda istilahi iliyozaa Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha mwaka 1990 ilitokana na haja ya darasa hilo. Wanaoihukumu kazi ya istilahi kuwa ni mchezo wa wasomi wangefanya vyema kuwafikiria walimu wa Daraja la A.

Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria mwaka 1992 na kuwapokea wanafunzi tangu mwaka 1994 chini ya Makamu Mkuu wake wa kwanza, Geoffrey Mmari, kiliondoa kizuizi cha mahali. Makao yake yako Kinondoni, lakini mwanafunzi wake aweza kuwa Mbagala, asome usiku baada ya kusahihisha madaftari. Tena kiliwawekea wasiotimiza sifa masomo ya msingi ya kuwaandaa. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, na heshima yake haipungui kwa kusema kwamba lugha haikubadilika.

Baada ya hapo likatokea jambo la ajabu kidogo: badala ya wanafunzi kuhama, vyuo vyenyewe vilihama. Ile shule iliyozaliwa Mgulani, ambayo ilikuwa imekwisha kuwa Chuo cha Ardhi, ilifanywa chuo kikuu kishiriki mwaka 1996, na Chuo Kikuu cha Ardhi mwaka 2007. Chuo cha Ufundi kilifanywa Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam mwaka 1997. Mwaka 2005 Kivukoni ikawa Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, ambacho sasa chatoa shahada. Na mwaka huo huo Chang'ombe ikawa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, kwa sababu shule za sekondari zilikuwa zikiongezeka upesi na walimu wenye shahada hawakutosha. Neno kishiriki ni zuri, kwa kuwa lasema wazi kwamba chuo kimepewa sehemu katika kitu kikubwa kuliko chenyewe. Mwenye stashahada ya Chang'ombe ya miaka ya nyuma hakupewa ushiriki wa namna hiyo. Lango ni lile lile, karibu na uwanja wa mpira; chuo kimepanda cheo, na cheti chake kimebaki palepale. Zaidi ya hayo, kila chuo kilipopanda na kuacha kutoa stashahada, kipandio alichokanyaga mtu wa kima cha chini kilikwenda nacho, na ikabidi kitafutwe mahali pengine.

Tangu sheria za mwaka 1997 na 2005, zilizounda Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Tume ya Vyuo Vikuu, ngazi zile mbili zimeandikwa katika jedwali moja: stashahada ni ngazi ya 6, shahada ya kwanza ni ya 8. Kwa miongozo ya miaka ya karibuni mwenye stashahada hutakiwa kuwa na wastani usiopungua 3.0, pamoja na kufaulu masomo manne ya kidato cha nne. Sharti hilo la pili ndilo liwarudishao watu wazima kwenye mitihani ya utoto wao. Katika jedwali vipandio vyafuatana bila pengo. Katika chuo kama Kivukoni, kinachotoa vyeti, stashahada na shahada ndani ya uzio mmoja, mwanafunzi aweza kupanda yote bila kubadili bweni wala walimu. Na akiisha kumaliza stashahada yake kwa miaka miwili, huandikishwa tena, mwaka wa kwanza.