Mti Uliolipiwa Mahindi

Niliporudi Loki baada ya kuacha chuo, kitu cha kwanza kunipokea kilikuwa mwiba. Ulitoboa ndala, ukaingia kisiginoni. Nyanya akachukua sindano kuutoa.

"Mathenge," akasema. "Na mimi ndiye niliyeumwagilia maji."

Nilidhani ananitania. Rika langu tumezaliwa tukaukuta mti huu Lodwar, Kakuma, kando ya mto Turkwel, tukajua tu ni wa hapa. Hata una jina la Kiturkana: etirae. Kumbe kwao ni Mexico, visiwa vya Karibi na kaskazini mwa Amerika Kusini. Kenya unajulikana tangu 1973, ulipopandwa Bamburi, Mombasa, kufunika machimbo ya kiwanda cha saruji.

Turkana ulikuja miaka ya 80. Ukame ulikuwa umemaliza mifugo, na watu wengi waliishi kwa chakula cha msaada. Miradi ikasema: panda miti, upewe mahindi. Nyanya anakumbuka miche kwenye mifuko ya nailoni. Kila mche ulichimbiwa shimo, ukajengewa tuta la udongo lenye umbo la mwezi mwandamo kukinga mvua, kisha ukazungushiwa miba mbuzi wasiuguse. Maji yalibebwa kichwani.

"Kuna siku mche ulikunywa kabla ya mama yako," aliniambia.

Sasa cheki kilichofuata. Mbuzi waliofukuzwa ndio waliousambaza. Maganda yake ni matamu. Mbegu hupita tumboni bila kuharibika na kuota kwenye mavi. Ukata shina, vinachipuka vijiti kumi. Kule Baringo, Wailchamus walienda kortini 2006 na mbuzi aliyeng'oka meno kwa kula maganda hayo. Mwaka 2008 serikali ikautangaza magugu hatari. Mti uleule iliousifia!

Loki nayo imeona mengi yakija na kuondoka. Kuanzia 1989, ndege za msaada wa Sudan zilikuwa zinapaa hapa kila siku. Baada ya amani ya 2005, mashirika yakafungasha. Maghala yakabaki matupu, na mathenge ikaingia ndani ya nyua zake. Hakuna aliyeimwagilia.

Mimi naikata kuchoma makaa. Mteja wangu mmoja hupeleka magunia hadi Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi iliyoanza 1992. Pesa hiyo ndiyo inalipa deni la karo nililoliacha chuoni.

Kuua mathenge lazima ukate shina chini ya udongo. Juzi nilianza kuchimba, nikitaka kumaliza kabisa ule ulionichoma. Nyanya akanizuia.

"Nyanya, si ni magugu?"

"Mjukuu wangu, wanaosema tulikosea hawakuwepo. Mahindi yake ndiyo yalimlea mama yako."

Nikafukia shimo. Nikakata juu ya udongo, nikaacha kisiki. Mwakani kitakuwa na vijiti kumi, na karo bado sijamaliza.