Upasuaji wa Diski ya Mgongo: Tundu Dogo au Upasuaji wa Wazi?

Ukiambiwa kwamba diski ya mgongo wako imechomoza na inabana neva, huenda utajiuliza: nipasuliwe kwa njia ya wazi au ile ya tundu dogo? Wengi huamini kwamba kidonda kikiwa kidogo, tiba ni bora zaidi. Kwa maumivu ya mguu, njia hizi mbili huleta nafuu inayokaribiana. Yapo mambo mengine ya kupima kabla hujasaini fomu ya ridhaa.

Diski ni nini?

Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna diski, mfano wa mito midogo inayopunguza mtikisiko unapotembea au kubeba mzigo. Nje ni ngumu, ndani kuna ute mzito. Sehemu ya nje ikichanika, ute husukumwa nje na unaweza kubana neva. Hutokea zaidi kiunoni, ndiyo maana maumivu hushuka kupitia tako hadi mguuni, pengine pamoja na ganzi.

Je, ni lazima upasuliwe?

Mara nyingi si lazima. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 kwa dawa za maumivu, mazoezi ya viungo na kuendelea na shughuli nyepesi. Sehemu iliyochomoza inaweza hata kusinyaa yenyewe. Upasuaji hufikiriwa pale maumivu ya mguu yanapokataa kupungua, au mguu unapozidi kupoteza nguvu.

Picha ya MRI peke yake haitoshi. Watu wengi wasioumwa chochote wana diski zilizochomoza. Picha lazima ilingane na dalili zako.

Nenda hospitali leo hii ukishindwa kukojoa, ukijikojolea au kupitisha choo bila kujua, ukipata ganzi sehemu za siri na kuzunguka njia ya haja kubwa, au miguu yote miwili ikilegea. Hii ni dharura. Usisubiri tarehe ya kliniki.

Njia hizi hufanyikaje?

*Upasuaji wa wazi:* Daktari hukata ngozi katikati ya mgongo, husogeza misuli pembeni, huondoa mfupa kidogo ili aifikie neva, kisha hutoa kipande cha diski kinachoibana. Akitumia hadubini, kidonda huwa cha sentimita 3 hadi 5 hivi.

*Upasuaji wa tundu dogo:* Bomba jembamba hupitishwa katikati ya nyuzi za misuli, kwa kidonda cha sentimita 2 hivi. Ikitumika kamera, tundu linaweza kuwa chini ya sentimita 1, na daktari hufuatilia kazi yake kwenye skrini.

Kwa kawaida, katika njia zote mbili hutolewa kipande kinachobana, si diski nzima.

Tofauti ziko wapi?

- Siku za mwanzo: Tundu dogo huumiza misuli kidogo, na mgonjwa anaweza kuruhusiwa mapema zaidi.
- Baada ya mwaka: Tofauti ya maumivu kati ya makundi haya mawili ni ndogo.
- Hatari: Kwa njia yoyote, utando unaofunika neva unaweza kuchanika, neva inaweza kuumia, na diski inaweza kuchomoza tena.
- Vifaa na ujuzi: Tundu dogo huhitaji vifaa maalumu na daktari aliyeizoea njia hiyo, kwa sababu anaona eneo finyu. Si kila hospitali inayo huduma hii, na gharama inaweza kuwa kubwa zaidi.

Kwa hiyo, usiuze shamba kufuata kidonda kidogo kama karibu nawe yupo daktari mzoefu wa njia ya wazi. Fahamu pia kwamba upasuaji huu hutibu maumivu ya mguu vizuri kuliko maumivu ya kiuno chenyewe.

Muulize daktari

1. Je, bado naweza kusubiri? Nikisubiri, kuna hatari gani?
2. Wewe hutumia njia ipi mara nyingi, na kwa nini unaichagua kwangu?
3. Gharama yote ni kiasi gani, na bima yangu inalipia nini?
4. Nitarudi kazini lini?

Ukirudi nyumbani

Wengi huanza kutembea siku hiyohiyo au kesho yake. Tembea kidogo kidogo kila siku. Kwa wiki kadhaa, usibebe ndoo za maji, magunia wala mtoto mkubwa. Omba ndugu wakusaidie, na uliza lini unaweza kupanda bodaboda. Rudi hospitali haraka ukipata homa, kidonda kikitoa usaha au majimaji, au mguu ukizidi kulegea.