Damu ya Mtoto Haipimwi kwa Kiwango cha Mtu Mzima

Mwezi uliopita dada yangu alinipigia simu analia. Mwanawe alikuwa anakaribia arubaini, na kabla ya kutahiriwa alipimwa kuganda kwa damu. Karatasi ya maabara ilionyesha APTT sekunde 46, na kando yake imewekwa alama kuwa imepita kiwango. Kiwango kilichochapishwa ni 26 hadi 40. "Kaka, mwanangu ana ugonjwa wa damu," akaniambia.

Mimi si daktari, lakini niliuliza na kusoma. Kiwango kile ni cha watu wazima.

Aliyelichambua sana jambo hili ni Dkt. Maureen Andrew wa Hamilton, Kanada. Mwaka 1987, yeye na wenzake walichapisha vipimo vya watoto wachanga wenye afya waliozaliwa miezi imetimia, na mwaka 1992 vya watoto wakubwa. Kwa hesabu zao, APTT ya mtoto wa siku moja ni wastani wa sekunde 43, na wa mwezi mmoja hucheza kati ya 32 na 55. Mtu mzima wastani wake ni 33 na nusu. Basi 46 ya mpwa wangu imo ndani kabisa. Kipimo cha PT hakitofautiani sana.

Sababu ni kuwa ini la mtoto bado changa. Faktori za kugandisha zinazotegemea vitamini K, yaani ya 2, 7, 9 na 10, huwa karibu nusu ya za mkubwa. (Ndiyo maana msiikatae ile sindano ya vitamini K anapozaliwa, maziwa ya mama yana kidogo mno.) Lakini vizuizi vya kuganda, kama antithrombini na protini C, navyo viko chini, kwa hivyo mtoto mzima havuji damu ovyo wala haimgandi ovyo. Kufikia miezi 6 mengi hukaribia ya wakubwa, ila protini C huchelewa hadi ujana.

Jambo jengine ni ile chupa ya kizibo cha buluu. Yataka sehemu 9 za damu kwa 1 ya dawa. Damu ikiwa kidogo, sekunde huongezeka bure.

Sisemi namba ya juu ipuuzwe. Hemofilia nayo hurefusha APTT hiyo hiyo, na mara nyingi hutoka kwa mama kwenda kwa mwana wa kiume. Faktori ya 8 haipungui kwa mtoto mchanga mwenye afya, kwa hivyo ikiwa chini, si uchanga huo. Ya 9 ikiwa chini kidogo, hurudiwa mtoto akikua.

Daktari wa watoto alimuuliza dada yangu kama wajomba wa mtoto walivuja damu sana walipotahiriwa. Mjomba mmoja ni mimi. Nilitahiriwa na ngariba, na damu ilikatika siku ile ile.