Kompyuta tulivu katika jiji la joto: Namna ya kuiunda na kuipoza

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

KATIKA nyumba nyingi za mjini, kompyuta ya mezani haina chumba chake. Hukaa sebuleni karibu na televisheni, au katika chumba kimoja na kitanda cha watoto. Mchana mvumo wa feni zake humezwa na kelele za barabarani. Usiku, mtaa unapotulia, mvumo uleule huwa kero kwa aliyelala na kikwazo kwa anayerekodi sauti, anayesikiliza somo au anayeandika.

Wapo wanaotafuta dawa ya mkato. Huchomoa feni moja, husukuma kasha ndani ya kabati na kufunga mlango, au hulifunika kwa kitambaa. Kelele hupungua kwa muda, kisha kompyuta huanza kuwa nzito na kuzimika yenyewe katikati ya kazi. Ukimya uliopatikana kwa kuziba hewa hulipiwa baadaye kwa fundi, na wakati mwingine kwa kazi iliyopotea kabla haijahifadhiwa.

Aidha, ushauri mwingi kuhusu kompyuta tulivu umeandikwa na watu wa Ulaya na Amerika Kaskazini, ambako chumba cha nyuzi 20 au 22 za Selsiasi ni jambo la kawaida. Dar es Salaam, kati ya Desemba na Machi, joto la mchana hufikia nyuzi 32. Ushauri huo hauna budi kupimwa upya kabla ya kufuatwa. Makala haya yanaeleza kelele na joto hutoka wapi, vifaa gani vya kuchagua, na namna ya kuviunganisha ili kompyuta inyamaze bila kuungua.

Kelele hutoka wapi

Vyanzo vya kelele katika kompyuta ya mezani si vingi. Kuna feni za kasha, feni ya prosesa, feni za kadi ya michoro, feni ya pawa saplai, na diski kuu ya zamani yenye sahani zinazozunguka. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kila sekunde. Mtetemo wake hupita katika bati la kasha na hata katika mbao za meza, ambazo huukuza kama ngozi ya ngoma.

Kelele hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida huwa karibu na desibeli 60, na chumba kimya usiku huwa karibu na 30. Kipimo hiki hakiendi kwa kujumlisha kama kilo za mchele. Feni mbili zinazofanana hutoa takriban desibeli 3 tu zaidi ya feni moja, na sikio huona sauti imeongezeka maradufu pale kipimo kinapopanda kwa takriban desibeli 10.

Hapo ndipo ilipo siri kubwa ya kompyuta tulivu. Kasi ya feni ikipunguzwa kwa nusu, hewa inayosukumwa hupungua kwa nusu, lakini kelele hushuka kwa takriban desibeli 15. Kwa hiyo feni mbili zinazozunguka kwa nusu ya kasi husukuma hewa inayokaribiana na ya feni moja yenye kasi kamili, ilhali kelele yake huwa chini kwa desibeli 12 hivi. Anayechomoa feni ili kupata utulivu anafanya kinyume cha inavyotakiwa: zile zilizobaki hulazimika kukimbia zaidi.

Kanuni hiyo ina mpaka wake. Kasi ikishuka kwa nusu, shinikizo la hewa hushuka hadi robo. Feni ya polepole haiwezi kupenya matundu membamba au chujio lililojaa vumbi. Kasha la kompyuta tulivu lazima liwe na njia pana za hewa.

Hesabu ya joto

Karibu umeme wote unaoingia katika kompyuta hugeuka kuwa joto. Mashine inayotumia wati 200 hupasha chumba kama jiko dogo la umeme la wati 200. Kama chumba kina kiyoyozi, mwenye nyumba hulipa mara mbili: umeme wa kompyuta, na umeme wa kuliondoa joto lake.

Kuondoa wati 200 kwa hewa inayopata joto la nyuzi 10 zaidi ikipita ndani ya kasha kunahitaji takriban mita moja ya ujazo ya hewa kila dakika. Hicho si kiasi kikubwa. Feni mbili au tatu za milimita 120 au 140 hukimudu zikizunguka polepole, mradi njia iwe wazi.

Jambo la pili ni kwamba feni haiwezi kuipoza prosesa chini ya joto la chumba. Tuseme prosesa iliyo kazini hupanda nyuzi 50 juu ya joto la hewa inayoipoza. Katika chumba cha nyuzi 22 itakuwa na nyuzi 72. Katika chumba cha nyuzi 32 itafika 82, kwa feni zilezile na kasi ileile. Prosesa nyingi za kisasa hujipunguzia kasi zinapokaribia nyuzi 95 au 100. Nafasi ambayo mtumiaji wa Ulaya anaweza kuitumia kuzitia feni usingizi, mtumiaji wa Pwani hana.

Kompyuta za kupozwa kwa maji nazo hazikwepi hesabu hii. Maji huhamisha joto tu kutoka kwenye prosesa hadi kwenye rejeta, ambako feni bado zinahitajika, na pampu huongeza sauti yake. Kwa matumizi ya kawaida, kipoza joto kizuri cha hewa kinatosha, nacho hakina maji ya kuvuja.

Tulikotoka

Tatizo la kelele lilikua pamoja na nguvu za prosesa. Mwaka 2000 kampuni ya Apple ilitoa Power Mac G4 Cube, kompyuta isiyokuwa na feni ambayo hewa moto ilipanda na kutokea juu yake. Haikudumu sokoni, uzalishaji wake ulisimamishwa mwaka 2001. Mwaka 2004 Intel ilitoa Pentium 4 za kizazi kilichoitwa Prescott, ambazo baadhi zilifikia wati 115, na feni zake zikajulikana kwa makelele. Mwaka 2006 kampuni hiyo ilibadili mwelekeo kwa Core 2 Duo, ambayo matoleo yake ya kawaida ya mezani yalikadiriwa kwa wati 65.

Katika miaka hiyohiyo vipoza joto vyenye mirija ya shaba vilienea. Mrija huo umezibwa pande zote na ndani yake mna maji kidogo katika shinikizo dogo sana. Upande wa prosesa maji huchemka. Mvuke hukimbilia kwenye mapezi ya aluminiamu, hupoa, hugeuka tena kuwa maji, kisha hurudi kupitia kuta zenye vinyweleo, kama mafuta ya taa yapandavyo katika utambi wa kibatari. Hakuna pampu wala sauti. Kampuni ya Noctua ya Austria, iliyoanza mwaka 2005, ni miongoni mwa zilizojipatia jina kwa vifaa vya aina hii.

Kuchagua vifaa

Hatua ya kwanza ya kununua utulivu ni kununua joto dogo. Core i9-14900K ya Intel, iliyotoka mwaka 2023, imekadiriwa kwa wati 125 lakini inaruhusiwa kupanda hadi 253. Ryzen 5 7600 ya AMD, ya mwaka huohuo, imekadiriwa kwa wati 65 na kikomo chake ni 88. Kwa kuandika, hesabu za biashara, masomo na hata uhariri wa sauti, ya pili inatosha, na inahitaji kuondolewa joto lisilofika nusu ya la kwanza.

Asiyecheza michezo mizito wala kuhariri video nyingi hahitaji kadi ya michoro. Prosesa nyingi zina uwezo wa kuonyesha picha zenyewe. Tahadhari ni kwa zile zenye herufi F mwishoni mwa jina, ambazo hazina uwezo huo. Anayehitaji kadi achague yenye kipoza joto kikubwa na feni zinazosimama zenyewe kazi ikiwa nyepesi.

Kipoza joto cha prosesa kiwe cha mnara, chenye mirija ya shaba na feni ya milimita 120 au zaidi. Kabla ya kulipa, linganisha urefu wake na nafasi iliyomo ndani ya kasha, kwani wengi hugundua nyumbani kwamba ubavu haufungi.

Pawa saplai hustahili fedha zaidi ya inavyopewa. Mpango wa kimataifa wa 80 Plus, ulioanza mwaka 2004, hutambua zile zinazofikisha kwenye vifaa angalau asilimia 80 ya umeme zinaouvuta. Kompyuta ikihitaji wati 200, pawa saplai ya asilimia 80 huvuta 250 na kupoteza 50 kama joto. Ya asilimia 90 huvuta takriban 222 na kupoteza 22. Joto hilo dogo ndilo linaloiruhusu feni yake kwenda taratibu.

Kwa hifadhi, tumia diski za SSD, ambazo hazina kitu kinachozunguka. Diski ya sahani ibaki kwa nakala za akiba, ikichomekwa pale tu inapohitajika.

Kasha liwe na uso wenye matundu mengi na vichujio vinavyochomoka. Makasha yenye milango mizito na sifongo la kunyonya sauti hupendwa katika nchi za baridi. Katika joto la Pwani hewa huwa na thamani kuliko sifongo.

Kuunganisha

Fanya kazi juu ya meza kavu, na gusa chuma cha kasha mara kwa mara ili kuondoa umeme tuli mwilini. Weka prosesa bila kuilazimisha. Pesti ya kupitisha joto iwe kiasi cha punje ya njegere. Kazi yake ni kujaza mianya isiyoonekana kwa macho, na ikizidi haina faida. Kosa moja hurudiwa na mafundi wapya kila mahali: kusahau kubandua karatasi ya plastiki chini ya kipoza joto.

Kaza skrubu kwa kukatiza pembe, kidogo kidogo, ili uzito ulale sawa. Waya wa feni ya prosesa uchomekwe kwenye soketi iliyoandikwa CPU_FAN.

Feni za mbele ziingize hewa, za nyuma na juu ziitoe. Kwa kawaida hewa hutokea upande wenye mihimili inayoshikilia mota. Feni mbili mbele na moja nyuma ni mpangilio unaotosha nyumba nyingi. Zinazoingiza zikizidi zinazotoa, hewa hupita kwenye vichujio badala ya kufyonzwa na vumbi lake kupitia kila ufa. Fungia nyaya nyuma ya bodi mama ili zisizuie njia.

Pawa saplai isifunguliwe kamwe, hata ikiwa imechomolewa, kwa kuwa ndani yake umeme wa hatari huweza kubaki kwa muda.

Kurekebisha kasi

Katika mipangilio ya bodi mama inayofikiwa kabla ya Windows kuwaka, kuna sehemu ya kupanga kasi ya feni kulingana na joto. Mpangilio wa kiwandani aghalabu huwa na pupa: prosesa ikishtuka kwa sekunde mbili, feni hupiga kelele kisha hushuka. Sikio huvumilia mvumo mdogo usiobadilika kuliko sauti inayopanda na kushuka.

Anza kwa asilimia 40 ya kasi hadi nyuzi 65, ipande taratibu hadi asilimia 70 kwenye nyuzi 80, na ifike 100 kwenye nyuzi 90. Ongeza muda wa kuchelewa wa sekunde kadhaa ikiwa bodi inaruhusu. Prosesa za AMD za kizazi hiki zina pia hali ya kubana matumizi ya umeme, ambayo hupunguza joto kwa kupoteza sehemu ndogo ya kasi.

Kisha pima. Tumia programu ya bure kama HWiNFO kusoma joto, ipe kompyuta kazi nzito kwa nusu saa, na fanya hivyo saa nane mchana wa siku ya jua. Jaribio la usiku halisemi ukweli wote.

Vumbi, chumvi na umeme

Feni iliyokuwa tulivu siku ya kwanza hupiga kelele baada ya miezi sita kwa sababu moja kuu, nayo ni vumbi. Vichujio vioshwe kila mwezi, na vikauke kabisa kabla ya kurudishwa. Mara mbili kwa mwaka fungua ubavu na upulize mapezi, ukiishika feni kwa kidole isizunguke. Wanaoishi karibu na bahari wasiweke kasha kwenye dirisha lililo wazi, kwani hewa ya chumvi hula bati na viunganishi.

Kasha liachiwe nafasi ya angalau sentimita 15 nyuma, lisikae kabatini, na miguu yake iwe ya mpira. Katika maeneo ambayo umeme hukatika, betri ya akiba ya UPS ni lazima. Ila kumbuka kwamba baadhi zina feni, hivyo ziwekwe mbali na meza.

Kwa mwenye kompyuta ya zamani na mfuko mwepesi, si lazima kununua upya. Kuondoa vumbi, kubadili pesti iliyokauka, kuweka SSD na kununua feni moja kubwa ya polepole badala ya ndogo inayolia huleta sehemu kubwa ya utulivu unaotafutwa. Kazi hiyo humalizika kwa mchana mmoja, na usiku wake aliyelala chumba kilekile ataitambua tofauti kabla hajaambiwa.