Habari za Bwana C. M. G. Argwings-Kodhek, Wakili na Mbunge



Kila apitaye katika barabara ya Argwings Kodhek, kule Hurlingham, huliona jina hilo. Lakini ni wachache wajuao mwenyewe alikuwa nani. Sisi watu wa Waithaka yatupasa kumjua, kwa maana siku ya dhiki hakuuliza kabila la mtu.

Alizaliwa Gem, Nyanza, mwaka 1923. Alisoma Makerere, akawa mwalimu, kisha akaenda Uingereza kuongeza elimu. Huko alishika masomo ya sheria, na mwaka 1951 akakubaliwa kuwa wakili katika Lincoln's Inn, London, Mwafrika wa kwanza wa Kenya kupata daraja hiyo. Aliporudi, Serikali ya kikoloni ilitaka kumwajiri kwa mshahara ulio chini ya ule wa Mzungu mwenye kazi ile ile. Alikataa, akafungua ofisi yake mwenyewe mjini Nairobi.

Oktoba 1952 ikatangazwa Hali ya Hatari. Katika miaka ile mtu aliyekutwa na risasi moja tu aliweza kuhukumiwa kifo, na walionyongwa walizidi 1,000. Kumtetea aliyeshtakiwa kwa Mau Mau kulikuwa kujitia katika lawama ya watawala. Hata hivyo, mtu huyu wa Gem alisimama mahakamani kuwatetea Wakikuyu.

Mwaka 1955 Waafrika waliporuhusiwa vyama vya siasa vya wilaya tu, alianzisha Nairobi District African Congress. Machi 1957 aligombea kiti cha Nairobi katika Baraza la Kutunga Sheria, akashindwa na Bwana Tom Mboya. Tena wakati huo Mkikuyu hakuweza kupiga kura pasipo hati ya utiifu kwa Serikali. Basi wengi wa wale aliowapigania hawakuweza kumlipa hata kwa kura.

Hakukata tamaa. Mwaka 1963 watu wa Gem walimchagua kuwa Mbunge, na baadaye akawa Waziri. Alifariki Nairobi tarehe 29 Januari 1969, angali Waziri.

Ndugu zangu, michango yetu hukusanywa ili mwenzetu asisimame peke yake siku ya taabu. Tusimpime mtu kwanza kama ataweza kulipa. Bwana huyu hakupima.