Matunzo ya ndege ndogo binafsi na vipimo vyake

Ndege ndogo ya injini moja, kama vile Cessna 172, hutunzwa kwa saa za kuruka na kwa kalenda. Kwa injini ya Lycoming yenye chujio, oili hubadilishwa kila saa 50 au kila miezi 4, kutegemea kipi kinatangulia. Kwa hiyo hata ndege inayolala uwanjani muda mrefu inahitaji fundi, kwani unyevu hushika kutu ndani ya silinda.

Vipimo hutegemea mifumo miwili mikuu. Wa kwanza ni wa hewa ya nje. Bomba la pito chini ya bawa na tundu dogo ubavuni huendesha kipimo cha mwendo, altimita na kipimo cha kupanda na kushuka. Bomba likiziba pamoja na kijitundu chake cha kutoa maji, kipimo cha mwendo huonyesha kasi inaongezeka kadiri ndege inavyopanda. Rubani akikiamini, huinua pua hadi mabawa yanashindwa kubeba. Tundu la ubavuni likiziba, altimita husimama palepale.

Mnamo Februari 1996 Boeing 757 ilianguka karibu na Jamhuri ya Dominika, watu 189 wakafa. Wachunguzi walishuku kiota cha nyigu ndani ya bomba la pito. Oktoba mwaka huo ndege nyingine ya aina hiyo ilianguka Peru, wakafa watu 70, kwa sababu utepe uliobandikwa wakati wa kuosha haukubanduliwa kwenye matundu. Kifuniko chenye kitambaa chekundu huzuia wadudu, lakini lazima kitolewe kabla ya kuruka. Bomba lisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa. Hilo huharibu vipimo.

Mfumo wa pili ni pampu ya kuvuta hewa, inayozungusha jairo za kipimo cha mlalo na cha mwelekeo. Pampu kavu hufa bila onyo, hivyo geji yake itazamwe kila safari.

Kwa wanaovuka mpaka, Mkataba wa Chicago wa 1944 unataka ndege ibebe cheti cha usajili na cha ubora wa kuruka kutoka nchi iliyoisajili. Ndege yenye alama 5H hufuata mamlaka ya Tanzania hata ikiwa Nairobi. 5Y ni ya Kenya, 5X Uganda. Mwenye ndege ahakikishe fundi wa nchi jirani anatambuliwa na mamlaka hiyo kabla ya kumkabidhi kazi.