Ngoja Ngoja Huumiza Matumbo

Leo nazungumzia ugonjwa wa kidole tumbo kwa watoto, na kwa nini historia yake inawahusu wenzetu wa Ngara na Biharamulo.

Mwaka 1886 Reginald Fitz, daktari wa Boston, Marekani, alieleza kwamba usaha mwingi unaopatikana upande wa kulia wa tumbo chanzo chake ni kidole hicho, akahimiza mgonjwa apasuliwe mapema. Mwaka 1902 Mfalme Edward wa 7 wa Uingereza aliahirisha kutawazwa kwake kwa sababu ya ugonjwa huo huo. Frederick Treves, daktari aliyempasua, alikuwa amempoteza binti yake mwenyewe kwa ugonjwa huo mwaka 1900.

Huku kwetu tuliambiwa habari nyingine. Denis Burkitt, aliyekuwa daktari mpasuaji Uganda tangu 1946 hadi 1966, aliandika mwaka 1971 kwamba ugonjwa huu ni adimu kwa Waafrika wa vijijini, kwa sababu chakula chao kina makapi mengi. Juu ya chakula sibishani naye. Ila nauliza: tutautofautishaje ugonjwa adimu na ugonjwa usiotambuliwa, ikiwa mtoto mwenye homa na kutapika hupewa dawa ya malaria akarudishwa nyumbani?

Mwaka 1986 Julien Puylaert wa Uholanzi alionyesha njia. Kifaa cha ultrasaundi hubonyezwa tumboni taratibu. Utumbo mzima hubonyea. Kidole kilichovimba hakibonyei, na kwa kawaida upana wake huzidi milimita 6. Hakuna mionzi, hakuna kisu. Tena inamfaa mtoto mdogo asiyeweza kueleza anapoumwa, ambaye mara nyingi kidole hupasuka kabla hajatambuliwa. Lakini kidole kisipoonekana, si ushahidi kwamba mtoto ni mzima. Mkono na jicho la mpimaji ndivyo vyenye kazi.

Je, ni anasa ya miji? Hapana. Katika kambi ya wakimbizi ya Lugufu, Kigoma, watumishi walifundishwa kutumia mashine ndogo ya kubebeka, na taarifa yao ikachapishwa mwaka 2008. Ngara nayo inazijua kambi. Benaco ya mwaka 1994 haijasahaulika.

Kwa miaka mingi mgonjwa wa Biharamulo aliyepelekwa Bugando, Mwanza, alisubiri pantoni Busisi. Daraja lilifunguliwa Juni 2025. Safari imefupishwa, lakini saa zinazoua ni zile zinazopotea kabla ya safari kuanza.

Kwa hiyo nasema: pale penye mashine ya kupimia wajawazito, mpimaji afundishwe pia kutazama tumbo la mtoto. Na penye shaka, mtoto apelekwe kwa mpasuaji siku hiyo hiyo. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwa kidole tumbo, ngoja ngoja huua.